Kichupa cha Utepe Mwekundu

Jumanne moja mwishoni mwa Juni, Nélida Ojeda aliiweka jeli, kile kipande laini kinachotenganisha protini kwa ukubwa, juu ya sanduku la taa, akaona kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena. Kitu kilikuwa palepale. Palipotakiwa kuwa na mistari miwili palikuwa na mmoja, na palipotakiwa kuwa na mmoja palikuwa na miwili. Akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani.

Nélida alikuwa na miaka sitini, na thelathini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia kwenye maabara moja ya ghorofa ya pili mjini Rosario. Hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa fundi wa maabara, yule anayezilisha seli, anayezivunja, anayekaa kwenye chumba cha baridi saa nne nzima, kajifunga skafu mpaka puani, huku protini ikidondoka tone kwa tone. Madaktari walikuja wakaondoka, wakapata vyeo huko walikokwenda, Nélida akabaki. Na wale wanaodhani sayansi hufanywa na watu wanaopigwa picha wamekunja mikono mbele ya kompyuta, waje wajaribu kuitoa protini ya utando kwenye seli bila kuiharibu. Tunawasubiri.

Protini aliyoitoa miaka yote hiyo ni pampu. Hukaa kwenye utando wa seli, na kazi yake ni kutema nje chochote inachokiona ni sumu. Kwenye ini la mtu mzima ni kitu cha kushukuru. Lakini seli ya saratani ikishajifunza kujitengenezea pampu hizo kwa maelfu, kwisha habari: dawa inaingia, inatemwa, inaingia, inatemwa, na mgonjwa aliyekuwa ameanza kupata nafuu anarudi kitandani. Nélida hakuhitaji kusimuliwa. Dada yake Mirta alikwenda hivyohivyo. Dawa ya kwanza ilimsaidia miezi saba, ya pili miezi miwili, ya tatu ikawa kama maji.

Kuijua pampu ni kujua imekaaje, wapi inafunguka, wapi mtu anaweza kuisokomezea kizuizi. Kwa hiyo walitaka picha yake. Kijana wa kuipata alikuwa Leandro Fissore, daktari wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwenye tabia ya kutafuna kucha. Kwa miaka minne Nélida alimpa protini, naye akaigandisha na kuipeleka Brazili, kwenye kituo chenye darubini kubwa ya elektroni, kwa sababu Rosario darubini kama hiyo hakuna. Mwaka huo ndipo akarudi na picha. Haikuwa kali sana. Vile vijiti kumi na viwili vya mnyororo wa protini vinavyopita kwenye utando vilionekana kama soseji zilizopangwa jikoni. Lakini ubavuni mwa kijiti kimoja kulikuwa na mfuko mdogo ambao hakuna aliyewahi kuuona, mahali ambapo huenda dawa ya kuziba pampu ingekaa sawasawa. Ilikuwa habari kubwa. Daktari Anselmo Pautasso, mkuu wa maabara, aliichapisha picha ile kubwa kama mlango, akaitundika kwenye korido.

Sasa picha inahitaji ushahidi, na ushahidi ni kazi ya mikono. Unachagua sehemu mbili za mnyororo wa protini ambazo picha inasema zinatazamana, unapanda salfa kwenye kila moja. Zikiwa karibu kweli, salfa hizo zinashikana kama vifungo vya koti la mtoto, na pampu inafungika. Pampu iliyofungika hukimbia polepole kwenye jeli, hivyo utaona mstari wa pili juu ya ule wa kawaida. Hiyo ilikuwa jozi ya utepe wa kijani. Na kwa kuwa watu wa kazi hii hawaaminiani hata kidogo, unatengeneza na jozi nyingine, ambayo picha inasema imepeana mgongo na haiwezi kukutana asilani. Hiyo ilikuwa ya utepe mwekundu. Kijani ifunge, nyekundu isifunge. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Nyekundu ndiyo iliyofunga. Kijani haikufunga.

Pautasso alikuja, akainama juu ya taa, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Alipoingia maabara ile mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi asiyejua kushika pipeti, na aliyemfundisha ni Nélida huyuhuyu. Akamwekea mkono begani.

"Umevibadilisha vichupa, Nelly," akasema. "Hutokea. Rudia tu."

Angefoka, angalau Nélida angepata pa kushika. Ule upole ndio uliomchoma.

Maana Nélida hakuwa mtu wa kubadilisha vichupa. Alikuwa na sheria zake, na zilijulikana jengo zima. Kila kichupa huandikwa juu ya kifuniko na ubavuni pia. Vichupa viwili havifunguliwi kwa wakati mmoja, hata simu iite, hata jengo litetemeke. Utepe hukatwa kwa mkasi, haukatwi kwa meno. Wanafunzi walimtania kwamba siku akifa atajibandika mwenyewe utepe wenye tarehe. Alirudia kazi yote kuanzia kwenye seli, siku tisa, akizungumza peke yake kila alipogusa kichupa: hiki kijani, hiki chekundu. Jeli ikatoka vilevile.

Mara ya tatu Pautasso alimweka Leandro asimame pembeni. Leandro akaviandika vichupa kwa herufi zake mwenyewe, A na B, bila kumwambia Nélida kipi ni kipi. Nélida alifanya kazi gizani, kama wanavyosema, na jeli ikatoka vilevile. Kwa nusu saa nzima Nélida alifurahi. Si mikono yangu basi, akawaza, akajimiminia maji ya moto kwenye kikombe chake cha mate, ile chai ya majani machungu, akanywa akitazama dirishani kama mtu aliyepona homa.

Pautasso akapata jibu jingine. Kama kosa halikufanyika Julai, basi lilifanyika Machi, siku Nélida alipotengeneza vinasaba vya jozi zile mbili na kuvigandisha kwenye vichupa mama. Siku hiyo ndipo utepe wa kijani ulipokwenda kwa chekundu, na chekundu kwa kijani, na tangu hapo kila kitu kimekuwa kinyume. Huwezi kukumbuka siku moja ya Machi, Nelly, akamwambia, hata mimi siikumbuki. Na kweli, Nélida alijikamua kichwa, akaikosa siku hiyo kabisa.

Alimfuata Leandro kwenye meza yake, akamuuliza taratibu kama haiwezekani picha ndiyo yenye kosa.

"Picha ile imetoka kwenye chembe laki tatu, Mama Nelly," Leandro akasema bila kugeuka. "Na kompyuta haizeeki."

Akajuta papo hapo, masikio yakamwiva, akaanza kusema hakumaanisha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nélida akaitikia kwa kichwa, akaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Hofu yake haikuwa ya kufukuzwa. Hofu yake ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Elvira, mama yake. Elvira alikuwa na miaka sitini na miwili walipoikuta pasi kwenye friji. Mwaka uliofuata alimwita Nélida "dada", na mwaka wa tatu hakumwita kitu. Sasa Nélida mwenyewe, mapema Juni, alikuwa ameliacha birika jikoni mpaka likaungua kitako, na siku nyingine jina la jirani wa miaka ishirini lilimpotea mdomoni akiwa amesimama naye mlangoni. Hakumwambia mtu. Akawa anayahesabu makosa yake usiku na mchana, na hili la vichupa ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Swali lilikuwa moja tu: ni vichupa vimebadilishwa, au ni yeye anaanza kwenda alikokwenda mama yake? Na majibu yote mawili, ukiyatazama vizuri, yalikuwa jibu lilelile.

Njia ya kujua ilikuwepo. Vinasaba vinasomeka, herufi kwa herufi. Unapeleka tone moja Korea, wanakusomea, wanakurudishia. Tatizo ni siku. Pautasso alisema hana siku hizo. Kundi moja la Ujerumani lilikuwa linakaribia kutoa picha yao, na wakitangulia wao, miaka minne ya Leandro ingekuwa ya kufungia maandazi. Basi Alhamisi akamwita Nélida ofisini, akafunga mlango.

Juu ya meza kulikuwa na makala, imekamilika. Jeli ya Nélida ilikuwemo, ila majina ya mistari yalikuwa yamebadilishwa: penye nyekundu pameandikwa kijani, penye kijani pameandikwa nyekundu. Ushahidi ukawa umekaa sawa na picha, mzuri, unapendeza macho. Na chini ya kichwa cha habari, baada ya majina ya madaktari, kulikuwa na jina jipya, N. Ojeda. Miaka thelathini na mitatu, halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya zamu za kusafisha friji.

Pautasso hakuwa mwizi, tumpe haki yake. Aliamini anasahihisha. Na kwa kuwa aliamini, alitaka mambo yafuate utaratibu: majina hayawezi kubadilishwa hivihivi, lazima daftari la maabara lieleze sababu. Akalisogeza daftari mbele yake.

"Sikulazimishi," akasema. "Jiulize tu, lipi ni jepesi zaidi kuaminika? Chembe laki tatu zote zimekosea, au mtu mmoja alichoka siku moja?"

Nélida alijiuliza. Aliliona birika lililoungua, akaiona pasi kwenye friji. Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa shule, wa herufi zilizonyooka: Mimi, Nélida Ojeda, tarehe 14 Machi nilibadilisha vichupa viwili. Kosa ni langu. Akatia sahihi. Na palepale akaomba fomu ya kustaafu. Sheria ilimruhusu kuendelea mpaka sitini na mitano, lakini wa nini fundi asiyejua alichoshika? Pautasso akaguna kwa huruma, akasema maabara itamfanyia sherehe nzuri. Kwenye fomu ikaandikwa kwamba ataondoka mwisho wa Agosti.

Nyumbani mumewe, Tito, alikuwa anapondaponda nyama ya milanesa, ile ya kukaangwa na chenga za mkate. Alipomsikiliza mpaka mwisho akaiweka nyundo chini.

"Wewe?" akasema. "Wewe mwenye kubandika tarehe mpaka kwenye kopo la chumvi?"

"Mama naye alibandika," Nélida akasema. "Mwishoni alibandika kila kitu. Mlango aliuandika mlango."

Tito akaichukua tena nyundo. Walikula na redio ikiwaka bure.

Ijumaa Nélida alikwenda kwenye friji kubwa, akatoa vichupa mama viwili, akachukua tone kutoka kila kimoja, akayaingiza kwenye bahasha ya wanafunzi iliyokuwa inaondoka kwenda Korea. Usidhani alitaka ushindi. Makala ilikuwa imeshatumwa asubuhi ileile, mambo yamekwisha, na yeye ndiye aliyekiri. Alitaka kujua tu, ili ajue amwambie nini daktari wa ubongo, ambaye alikuwa ameshapanga naye miadi ya Alhamisi ya tarehe nane Agosti.

Wiki mbili na nusu. Jamani, kuna watu wamefungwa jela wakawa na wiki nyepesi kuliko zile. Kila alichoshika alikisoma kwa sauti mara mbili. Alitoka kazini akafika kituo cha basi, akarudi kuhakikisha mlango wa chumba cha baridi umefungwa, na ulikuwa umefungwa, akatoka tena, akarudi tena. Kazi ya saa moja ikala saa tatu. Na akikawia, wengine wanaona. Siku moja msichana wa mwaka wa kwanza alimpokonya chupa ya seli mkononi, kwa adabu kabisa, akamwambia, lete nikusaidie, Mama Nelly. Naye akaiachia. Alikuwa amewafundisha watu arobaini kushika chupa ile, na akaiachia. Aliingia chumba cha baridi akalia, akajiona mjinga, maana machozi yalikuwa yanamgandia kwenye miwani.

Jumanne ya tarehe sita Agosti, saa nne asubuhi, majibu ya Korea yakaingia. Nélida aliyachapa, akachukua rula, akaanza kusoma herufi moja moja akilinganisha na mpango wa Machi. Jozi ya kijani ilikuwa ya kijani. Jozi nyekundu ilikuwa nyekundu. Akasoma mara ya pili kutoka mwisho kuja mwanzo, asije akawa anajidanganya. Akasoma mara ya tatu. Hakuna kilichobadilishwa. Si Machi, si Julai, si siku yoyote.

Alicheka peke yake, kicheko kifupi kama kikohozi. Halafu hasira ikampanda kutoka miguuni, hasira ambayo hakujua anayo, akabeba karatasi na rula yake mpaka kwa Leandro.

Leandro alikuwa anakula medialuna, kimkate cha umbo la mwezi mchanga, makombo kifuani. Nélida akaiweka karatasi juu ya kibodi yake. Kijana akaisoma, taya zikasimama. Akaisoma tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda huko Korea walichanganya.

"Korea nao wamezeeka?" Nélida akasema.

Leandro akaiweka medialuna kando.

Nélida akavuta kiti, akaketi karibu naye, akamwambia amweleze kama mtu asiyejua kitu. Ile picha, mwanzo mpaka mwisho. Na Leandro akaanza kueleza, kwanza kwa kujitetea, halafu kwa mazoea tu. Darubini ile inapiga vivuli. Kila chembe ya protini inatoa kivuli chake, na kompyuta inaviunganisha vivuli laki tatu mpaka umbo litokee. Lakini kivuli kina ila moja. Weka mkono wa kulia mbele ya taa, utazame ukutani. Weka wa kushoto umeugeuza, utazame. Ni kilekile. Kompyuta inakupa umbo, haijui kama ni lenyewe au ni lile la kwenye kioo. Picha ikiwa kali, utaona mwenyewe, maana mnyororo wa protini siku zote hujisokota kuelekea upande mmoja. Picha yao haikuwa kali. Soseji haina msokoto. Hivyo mtu ndiye anayeamua.

"Nani aliamua?" Nélida akauliza.

"Mimi. Ilitoka kinyume, nikaigeuza. Ni kawaida, kila mtu hufanya hivyo."

"Ulijuaje ilitoka kinyume?"

"Darubini ya Brazili siku zote hutoa kinyume. Inajulikana." Akafungua jalada la Brazili kwenye kompyuta ili amwonyeshe. Kulikuwa na barua ya fundi wa huko, ya Kireno, ndefu, ambayo nusu yake ya juu ilihusu nitrojeni na masanduku ya kurudishwa. Leandro aliwahi kuisoma nusu hiyo. Sasa akashuka mpaka aya ya tatu, na Nélida, ambaye Kireno chake ni cha kukisia tu, akaona shingo ya kijana inabadilika rangi. Fundi alikuwa ameandika kwamba, ili kuwapunguzia kazi, picha wameshaigeuza wao.

Imegeuzwa huko, ikageuzwa tena hapa. Miezi sita ilikuwa imetundikwa kwenye korido, kubwa kama mlango, nje ndani.

Leandro aliirudisha upande wake. Hilo lilikuwa la kubonyeza mara moja. Kuupitisha mnyororo upya ndani ya vijiti kulimchukua saa nzima, na Nélida hakuondoka kitini. Vijiti vilibaki palepale, ila kila kimoja kikageuza uso. Sehemu zilizokuwa zimepeana mgongo zikaja zikatazamana, na salfa mbili za jozi nyekundu zikakaa uso kwa uso kama watu wawili mezani. Zile za kijani zikatazama pande tofauti. Jeli tatu, zote tatu, zilikuwa zimesema hivyo tangu Juni. Na ule mfuko mdogo, ile habari kubwa, ukazibwa na mnyororo uliogeukia ndani, haukuwepo tena.

"Miaka minne," Leandro akasema, akajifunika uso.

Nélida alitaka kumkumbatia, na alitaka kumzaba kibao, akashindwa kuchagua, akabaki ameshika rula.

Kijana akainua kichwa. Akauliza ni nani mwingine ameiona ile karatasi. Nélida akamwambia, wewe na mimi. Leandro akatafuna ukucha. Makala ilikuwa mikononi mwa wakaguzi, na Alhamisi alikuwa na usaili wa kazi Barcelona, kwa njia ya video, kazi ambayo aliitiwa kwa ajili ya picha hii.

"Nipe mpaka Ijumaa, Mama Nelly. Ijumaa nitasema kila kitu, naapa."

Nélida akaifikiria Ijumaa. Siku tatu, si kitu. Halafu akaifikiria chupa ile aliyopokonywa kwa adabu.

"Miaka minne nimekupa protini," akamwambia. "Kuna siku nilikwambia nipe mpaka Ijumaa?"

Leandro akapangusa makombo kifuani. Kisha akainuka, akachukua karatasi ya Korea, akaenda ofisini kwa Pautasso kwa miguu yake mwenyewe. Mlango ukafungwa. Nélida akarudi kwenye benchi lake, akapanga pipeti ambazo zilikuwa zimepangwa.

Ilipita karibu saa nzima. Pautasso alitoka peke yake, uso wa majivu, daftari la maabara mkononi. Alikuwa ameshawaandikia wahariri kuiondoa makala. Alisema hivyo, akaketi kwenye kigoda cha wanafunzi mbele yake, akafungua daftari kwenye ukurasa ule wa Julai. Kwenye daftari la maabara hakifutwi kitu na hakuna ukurasa unaochanwa. Kilicho kosa hupigwa mstari mmoja, unaosomeka chini yake, na anayeupiga hutia sahihi na tarehe. Pautasso akafungua kalamu, akaishusha juu ya maneno ya Nélida. Nélida akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usiupige mstari."

"Ni uongo, Nelly. Hukubadilisha chochote."

"Najua sikubadilisha. Lakini niliandika nikiamini. Niliandika kwenye meza yako, nikaenda nyumbani nikijua nimekuwa mama yangu. Wiki mbili na nusu nimeishi hivyo, Anselmo." Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu alipopata udaktari. "Ukipiga mstari, atakayesoma ataona kosa dogo la fundi, limesahihishwa, basi. Yaache yasomeke. Wewe andika hapo chini. Ya kwako."

Pautasso akaishika kalamu juu ya karatasi. Akauliza aandike nini.

"Ulichokiona kwenye taa ile Jumanne ya kwanza."

Mtu huyu alikuwa ameandika makala mia na ishirini, na sentensi moja ikamshinda kwa dakika tano. Nélida hakumsaidia. Mwishowe akaandika: Jeli ilikuwa sahihi mara zote tatu. Niliiona, sikuamini, nikabadilisha majina. A. Pautasso. Nélida akaisoma huku midomo ikicheza, akalifunga daftari. Daktari akasema atashuka mwenyewe sasa hivi kwenda kuiondoa fomu ya kustaafu. Nélida akamwambia aiache, atakwenda mwenyewe siku akiamua.

Alhamisi hakuifuta miadi. Tito alimuuliza anakwenda kufanya nini sasa, naye akajifunga skafu yake, akaenda. Daktari wa ubongo alikuwa mwanamke kijana. Alimtajia maneno matatu ayakumbuke, akamchorisha saa ya ukutani, akamhesabisha kurudi nyuma kutoka mia moja kwa saba saba, akamuuliza tena yale maneno matatu. Nélida akayataja yote, tena kwa mpangilio uleule yalivyotajwa. Daktari akacheka, akaweka kalamu chini. Akamwambia kichwa chake ni kizima kuliko cha wengi anaowaona mle ndani, wakiwemo wafanyakazi wenzake. Akataka kujua ni nani aliyemwambia kwamba kumbukumbu inamwacha.

Nélida akaipangusa miwani yake.

"Watu wenye akili sana," akasema.

Kisha akachukua skafu yake, akamshukuru daktari, akakimbilia basi, kwa sababu seli zilitakiwa kulishwa kabla ya saa nane.